Dripu Ikiisha, Kazi Inaanza

Mwaka wa 1912, daktari wa New York aitwaye Isaac Adler alichapisha kitabu kizima kuhusu saratani ya mapafu. Kabla hajaeleza lolote, alijiuliza hadharani kama kweli kulikuwa na haja ya kukiandika, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa nadra mno. Alikuwa amekusanya ripoti za wagonjwa 374 kutoka kwenye maandishi ya madaktari wa nchi mbalimbali. Wagonjwa 374, basi. Kwa hesabu za mwaka wa 2022, watu karibu milioni 2.5 waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu duniani, na watu milioni 1.8 wakafa kwa ajili yake. Hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi hivyo.

Nimekuwa nikisoma historia ya ugonjwa huu kwa karibu miaka miwili sasa. Mimi si daktari. Hata chuo niliacha mwaka wa pili, na sikuwa nasomea udaktari. Nilianza kusoma kwa sababu mjomba wangu aliupata, na akawa miongoni mwa Wakenya wachache waliotibiwa kwa dawa mpya za kinga, zile madaktari wanaziita imunotherapi. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba historia hii husimuliwa nusu. Nusu inayosimuliwa ni ile ya dawa: maabara, panya, tuzo ya Nobel. Nusu nyingine ni ya watu waliouliza swali dogo tu, kwamba mgonjwa akishatolewa dripu na kurudi nyumbani, anahitaji nini? Nataka kuzisimulia nusu zote mbili hapa, kwa sababu naamini dawa mpya zimeifanya hiyo ya pili kuwa ya lazima kuliko zamani, na sisi hapa Kenya tunaikimbilia ile ya kwanza peke yake.

Tuanze na dawa. Kwa miaka mingi silaha ilikuwa kisu tu. Mwezi wa Aprili 1933, mjini St. Louis kule Marekani, daktari wa upasuaji Evarts Graham alimtoa pafu zima daktari mwenzake, James Gilmore, aliyekuwa na saratani. Gilmore akapona. Aliishi miaka 30 zaidi, hadi 1963. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji sigara wa miaka mingi, alikufa mwaka wa 1957. Saratani ya mapafu ndiyo iliyomuua. Mgonjwa alimzika daktari wake, kama tunavyosema.

Katikati ya miaka hiyo kulitokea jambo lililobadilisha namna tunavyowatazama wagonjwa hawa. Mwaka wa 1950, Graham na kijana aliyefanya naye utafiti, Ernst Wynder, walichapisha matokeo yaliyoihusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka huohuo, kule Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill wakatoa matokeo yanayofanana na hayo. Ukweli huo umeokoa maisha ya watu wengi sana, na sitaki mtu afikirie naupinga. Lakini ulikuja na kivuli chake. Tangu hapo, mtu akisema ana saratani ya matiti, watu humpa pole. Akisema ana saratani ya mapafu, watu huuliza, "Kwani ulikuwa unavuta?" Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari na hakuwahi kuvuta sigara, na bado aliulizwa swali hilo na watu waliokuja kumwona, wakiwa wameketi kwenye viti vyake na kunywa chai yake. Na hata angekuwa amevuta, jamani, kuna mgonjwa anayestahili kuhukumiwa akiwa kitandani? Kuna moshi wa jikoni, kuna asbesto, kuna hewa chafu ya mjini, kuna watu ambao hakuna sababu inayojulikana. Aibu hii ni mzigo wa kwanza wa mgonjwa wa mapafu, na hakuna dripu inayouondoa.

Tiba ya kinga ina mwanzo wake mbali na mapafu. Mwaka wa 1890, William Coley, daktari kijana wa upasuaji jijini New York, alimtibu msichana wa miaka 17 aitwaye Elizabeth Dashiell, aliyekuwa na saratani iliyoanzia mkononi. Alimkata mkono, lakini saratani ikasambaa, na Januari 1891 msichana akafa. Coley hakukubali yaishie hapo. Alifukua mafaili ya zamani ya hospitali, akakuta habari za mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa na uvimbe shingoni. Mtu huyo alipata maambukizi makali ya ngozi, akaungua homa, na homa ilipoisha uvimbe nao ukawa umetoweka. Coley akamtafuta kwenye vitongoji vya New York, akampata akiwa mzima.

Wazo lake likawa hili: homa ile iliamsha askari wa mwili, na askari wakaishambulia saratani. Akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria kwa makusudi, baadaye bakteria waliouawa. Baadhi walipona. Wengine walizidiwa na homa yenyewe. Matokeo hayakutabirika, na wakati huohuo tiba ya mionzi ilikuwa inapanda chati. Wakubwa wake wakaipendelea mionzi. Coley alikufa 1936 huku mbinu yake ikipuuzwa. Binti yake, Helen Coley Nauts, hakuwa daktari wala hakuwa na digrii ya sayansi, lakini alikaa na makaratasi ya baba yake, akakusanya habari za wagonjwa wake mmoja mmoja, na mwaka wa 1953 akasaidia kuanzisha Cancer Research Institute, taasisi ya kufadhili utafiti wa kinga na saratani. Kila nikikumbuka hilo najisikia vizuri kidogo.

Kilichokosekana wakati wa Coley ni maelezo ya kwa nini kinga ya mwili mara nyingi inaiona saratani na kuiacha. Jibu lilikuja polepole. Mwaka wa 1992, maabara ya Tasuku Honjo katika Chuo Kikuu cha Kyoto ilitambua protini iitwayo PD-1, na baadaye ikaonyesha kwamba inafanya kazi kama breki kwenye seli za kinga. Mwaka wa 1996, James Allison, akiwa California, alionyesha kwa kutumia panya kwamba ukiizuia breki nyingine, CTLA-4, seli za kinga huamka na kuula uvimbe. Allison alikuwa mtoto tu mama yake alipokufa kwa saratani.

Breki ni mfano mzuri, na hata mjomba wangu aliuelewa mara moja, kazi yake ikiwa ni magari. Mwili una askari wakali, seli T. Wakiachwa bila breki wangetushambulia sisi wenyewe. Kwa hivyo mwili umewawekea breki. Saratani ni mjanja: inajifunza kukanyaga breki hizo, na askari wanasimama. Dawa hizi mpya haziiui saratani zenyewe. Zinauondoa tu mguu wa saratani kwenye breki.

Mwaka wa 2011, Marekani iliidhinisha ya kwanza, ipilimumab, kwa saratani ya ngozi. Mwaka wa 2015 iliidhinisha nivolumab, kisha pembrolizumab, kwa aina fulani za saratani ya mapafu. Mwaka wa 2018 Allison na Honjo wakapewa Nobel. Na matokeo yalikuwa ya kushangaza kweli. Katika jaribio moja kubwa la pembrolizumab, lililohusu wagonjwa ambao saratani ilikuwa imesambaa na uvimbe wao ulikuwa na alama nyingi zinazofaa dawa hii, asilimia 31.9 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kati ya walioanzishiwa kemotherapi, ilikuwa asilimia 16.3. Kwa ugonjwa ambao zamani ulihesabiwa kwa miezi, hayo ni mapinduzi.

Lakini hebu tusome takwimu hiyo tena, taratibu. Wagonjwa 32 kati ya 100 wako hai. Hiyo ina maana 68 hawapo, na hao ni wale waliochaguliwa kwa sababu dawa ilitarajiwa kuwafaa. Halafu kuna jambo lisiloonekana kwenye takwimu kabisa. Wote 100 waliingia katika hali ambayo haikuwepo zamani. Hawajapona, na hawafi leo. Kila baada ya wiki 3 au 6 wanaenda kuketi kwa dripu ya nusu saa, kisha wanarudi nyumbani. Kila baada ya miezi michache wanapigwa skani na kusubiri majibu. Wanaonekana wazima barabarani. Nywele hazijaanguka. Majirani wanasema, "Umepona sasa, si ndio?" Na wao hawajui wajibu nini.

Halafu kuna breki zenyewe. Ukiziachilia, askari hawaishii kwenye uvimbe. Wanaweza kuligeukia koo la tezi, na mtu akawa mchovu, anahisi baridi, ananenepa bila kula. Wanaweza kugeukia utumbo, na mtu akaharisha mara nane kwa siku. Wanaweza kugeukia ngozi, ini, viungo, tezi zinazotoa homoni, hata moyo. Na wanaweza kugeukia mapafu yenyewe, yakafura, pumzi ikakata. Kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu hili ndilo la hatari kabisa, kwa sababu anayekohoa tangu zamani atajuaje kwamba kikohozi cha leo si kile cha jana? Madhara haya yanaweza kuanza wiki chache baada ya dripu ya kwanza au miezi mingi baadaye, hata dawa ikiwa imeshasimamishwa. Mengi yanatibika, hasa kwa steroidi, yakigunduliwa mapema. Yakichelewa, yanaua.

Sasa nani anayegundua mapema? Daktari yuko na mgonjwa dakika 15 kila wiki 3. Nesi yuko naye nusu saa. Saa nyingine zote yuko nyumbani. Anayegundua ni mke, mume, binti, mpwa. Kemotherapi ilikuwa na ukatili wake, lakini angalau ulitabirika: kichefuchefu siku hii, kinga kushuka wiki ile. Tiba ya kinga imehamisha kazi ya ulinzi kutoka wodini hadi sebuleni, na mara nyingi imeihamisha bila kumwambia mwenye sebule.

Sisi hatukuambiwa. Hospitali iliyompa mjomba dawa hiyo, ambayo sitaitaja, ilitupa ankara yenye kurasa tatu na haikutupa hata karatasi moja inayosema tuangalie nini. Familia ilichanga, kundi la WhatsApp likafunguliwa, kanisa likafanya harambee, shamba dogo likauzwa. Baada ya dripu ya tatu alianza kuharisha. Anti, mkewe, akafanya ambacho mtu yeyote wa mtaa wetu angefanya: akaenda kwa duka la dawa. Akapewa dawa ya amiba. Haikusaidia. Akapewa ya taifodi. Siku ya sita mjomba alikuwa hawezi kusimama. Tulimpeleka zahanati iliyo karibu, wakamwekea maji na kumwandikia dawa ya malaria, wakisema vipimo vinachelewa. Ni siku ya nane, kwenye hospitali nyingine, ambapo daktari mmoja kijana aliinama kando ya kitanda na kumuuliza, "Mzee, umewahi kupewa dawa gani ya saratani?" Alipoliona jina la dawa kwenye ankara, alielewa. Alianzishiwa steroidi usiku huohuo.

Nimefikiria sana kuhusu zile siku nane. Hakuna mtu katika siku hizo aliyekuwa mjinga. Tatizo ni kwamba nchi yetu ina jina la ugonjwa kwa kila dalili. Kuharisha ni amiba au taifodi. Uchovu na homa ni malaria. Kikohozi ni TB au nimonia. Mara nyingi majina haya ni ya kweli, ndiyo maana yanakuja haraka. Kwa mgonjwa wa tiba ya kinga majina hayo ni pazia. Hata mwanzoni, kabla ya dawa, pazia lilikuwepo: mjomba alimeza dawa za TB kwa miezi minne kabla mtu hajafikiria saratani, na madaktari wetu wameandika mara nyingi kuhusu wagonjwa wa mapafu wanaopitia njia hiyohiyo. Mambo yanazidi kuwa magumu kwa sababu TB halisi pia ipo. Kuna ripoti za wagonjwa wa tiba ya kinga ambao TB iliyokuwa imelala mwilini iliamka, na steroidi zenyewe zinaweza kuiamsha. Katika nchi yenye TB nyingi, huwezi kuuchukua mwongozo ulioandikwa Boston na kuubandika ukutani Kakamega bila kuongeza sura yako mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta ile nusu nyingine ya historia.

Nayo inaanza na mwanamke mmoja wa London, Cicely Saunders. Alianza kama nesi, mgongo ukamsumbua, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka wa 1948 alimhudumia David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa anakufa kwa saratani akiwa na umri wa miaka 40, bila jamaa wa karibu. Walizungumza jioni nyingi kuhusu mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa vizuri. Alipokufa alimwachia Saunders pauni 500 ziwe mwanzo wa mahali hapo. Saunders alishauriwa kwamba madaktari hawatamsikiliza mpaka awe daktari, basi akaenda kusoma udaktari, akahitimu karibu na umri wa miaka 40. Mwaka wa 1967 alifungua St Christopher's Hospice.

Mchango wake mkubwa ni namna ya kuyatazama maumivu. Alisema maumivu ya mgonjwa hayako kwenye mfupa peke yake. Kuna ya mwili, kuna ya akili, kuna ya kijamii na pesa, kuna ya roho, na yote ni maumivu mamoja. Pia alisisitiza mgonjwa apewe mofini kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Kumsubirisha hadi alie ndipo apewe, kwake hilo halikubaliki. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa huduma tunayoiita tiba shufaa: huduma ya kumpunguzia mgonjwa na familia yake mateso, ya aina yoyote, hata kama ugonjwa haujaondoka.

Wazo hilo lilifika kwetu mapema kuliko watu wengi wanavyojua. Mwaka wa 1990 ilianzishwa Nairobi Hospice, na mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba alikuwa Anne Merriman, daktari Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Nigeria na Singapore. Mwaka wa 1993 Merriman alihamia Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda. Huko alifanya jambo rahisi sana: poda ya mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa ili mtu asichanganye chupa. Mgonjwa anainywa nyumbani. Serikali ya Uganda ilikubali, na mwaka wa 2004 sheria ikawaruhusu manesi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum kuandika mofini, kwa sababu madaktari walikuwa wachache na vijiji vingi. Mgonjwa haitozwi pesa. Nchi nyingi tajiri zilikuwa bado hazijathubutu kufanya hivyo. Sisi tulibaki nyuma. Mwaka wa 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaougua bila dawa ya maumivu, ikionyesha kwamba hospitali chache mno za umma zilikuwa na mofini ya kunywa. Na mofini imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka wa 1977.

Kwa muda mrefu nusu hizi mbili za historia hazikusalimiana. Daktari wa saratani alipambana hadi mwisho, kisha akamwita mtu wa hospisi kama anavyoitwa mchungaji: wakati mambo yameisha. Hata leo hapa kwetu ukitaja hospisi, familia inasikia kifo.

Zilikutana mwaka wa 2010, na zilikutana kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Jennifer Temel na wenzake, jijini Boston, walichukua wagonjwa 151 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu nyingine walipata matibabu hayohayo, pamoja na kuonana na timu ya tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili liliishi vizuri zaidi na lilikuwa na huzuni kidogo zaidi. Hakuna aliyeshangaa. Kilichoshangaza ni kwamba liliishi pia muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa wastani wa kati, dhidi ya 8.9, ingawa wengi wao walipewa matibabu machache ya nguvu karibu na mwisho. Tafiti za baadaye hazikuona nyongeza ya maisha kila mara, na ni haki kulisema hilo. Lakini ubora wa maisha umeonekana tena na tena.

Mwaka wa 2017, watafiti Wafaransa wakiongozwa na Fabrice Denis walijaribu kitu kidogo zaidi. Wagonjwa wa saratani ya mapafu walijaza fomu fupi mtandaoni kila wiki kuhusu dalili zao: uzito, pumzi, kikohozi, hamu ya kula. Dalili zikibadilika vibaya, daktari anapata ujumbe. Waliojaza fomu waliishi miezi 19 kwa wastani wa kati, wengine 12. Hapo hakukuwa na molekuli mpya. Ilikuwa fomu na mtu wa kuisoma. Na mwaka wa 2024, Boston tena, timu ya Joseph Greer na Temel ilitoa matokeo ya wagonjwa 1,250 wa saratani ya mapafu: waliohudumiwa na tiba shufaa kwa simu ya video walikuwa na ubora wa maisha sawa na waliokwenda kliniki wenyewe. Nikasoma hilo nikafikiria nchi ambayo hata shosho wa kijijini anajua kutuma M-Pesa.

Kuna watafiti wengine ambao kazi yao imekuwa kuwauliza tu wagonjwa wanahitaji nini. Kule Newcastle, Australia, waliunda dodoso la mahitaji ya wagonjwa wa saratani, na matokeo makubwa yalichapishwa mwaka wa 2000. Mahitaji yaligawika katika makundi: ya mwili na kazi za kila siku, ya akili, ya habari, ya namna wanavyohudumiwa, ya mapenzi na unyumba. Hofu ya saratani kusambaa iliongoza. Nilipoyasoma nilimkumbuka mjomba hatua kwa hatua. Alitaka kujua kama anaweza kurudi gereji hata kwa nusu siku. Alitaka mtu amweleze skani kwa Kiswahili. Alitaka kuzungumza kuhusu kifo, na hakuna aliyemruhusu, kwa sababu tulikuwa tumechanga pesa nyingi mno kwa ajili ya uhai. Hiyo ni aina ya upweke inayoletwa na dawa ya gharama: mgonjwa anakuwa na deni la matumaini kwa kila aliyetoa. Hatimaye nesi mmoja wa hospisi alimuuliza, faraghani, "Mzee, wewe mwenyewe unaogopa nini?" Walizungumza karibu saa mbili. Alikufa miezi tisa baada ya ule usiku wa steroidi, nyumbani kwake, akiwa na chupa ya mofini mezani na bila kupiga kelele. Kwa miezi hiyo tisa nashukuru dawa, na kwa namna alivyokufa namshukuru nesi yule.

Mwaka wa 2025, Shirika la Afya Duniani liliongeza pembrolizumab kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya baadhi ya saratani za mapafu. Miaka 48 baada ya mofini, sasa ziko kwenye orodha moja. Ni habari njema, na itawapa nguvu wanaopigania bei ishuke. Wapigane, nami niko nyuma yao. Lakini dawa hii ikija kwetu kwa wingi bila ile nusu ya pili, tutakuwa tumenunua gari la kasi na kulikabidhi kwa familia ambazo hakuna aliyezionyesha usukani.

Na nusu ya pili, tofauti na ya kwanza, tunaimudu. Nambari moja ya simu inayopokelewa na nesi usiku. Mofini ya kunywa kwenye kila hospitali ya kaunti. Mtu wa tiba shufaa anayeonana na mgonjwa wiki ya kwanza na si wiki ya mwisho. Kipimo cha TB kabla ya dripu. Maelezo kwa mwenye duka la dawa, kwa sababu kwake ndiko tutakakokwenda kwanza, tupende tusipende. Na kadi. Uingereza na kwingineko, mgonjwa wa tiba ya kinga hupewa kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi, ili yeyote atakayemtibu popote ajue anatibu nini.

Kadi hiyo haihitaji kiwanda. Inaweza kuandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha kadibodi: jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, nambari ya daktari, na chini yake maneno machache. Napata tiba ya kinga. Nikiharisha, nikikosa pumzi, nikichoka kupita kiasi, usidhani ni malaria peke yake. Mpigie daktari wangu kabla ya kunipa dawa. Kama una mgonjwa nyumbani anayepata dripu hizi, usisubiri hospitali ikuletee. Iandike leo, na umwandikie na anayelala naye chumba kimoja nakala yake.